Sentimita Kumi na Moja

Saa moja kasorobo asubuhi, kwenye njia inayoteremka kutoka kanisani hadi Mto Kisarika, haimbi mtu. Ng'ombe wanalia mabandani, redio zinataja bei ya kahawa, akina mama wanakata majani ya migomba na kuyafunga mizigo. Ila ile sauti nzito ya besi, iliyokuwa ikishuka polepole katikati ya mibuni hadi mtoni ikirudia ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, haipo. Kwa miaka mitano kitongoji cha Marera, huku Mwika mlimani, kilipanga asubuhi yake kwa sauti hiyo. Aliyechelewa kukamua aliisikia akaongeza mwendo. Sasa kinachosikika ni mto wenyewe, na kiangazi mto huo hausemi sana.

Mwenye sauti aliitwa Gerson, mwana wa Filemon. Alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi, mzee wa kanisa, katibu wa kwaya, mtu mrefu asiye na haraka. Watu walisema hajawahi kumpiga mtu kofi, na walisema hivyo kwa mshangao kidogo, maana huku kwetu maji na damu vimepita njia moja tangu zamani. Baba yake, Filemon, alikuwa na sikio moja. La pili lilikatwa kwa panga na binamu yake juu ya zamu ya maji ya Jumamosi, na Jumapili yake wawili hao wakanywa pombe ya mbege kwenye kata moja, Filemon akiwa amefungwa kitambaa kichwani. Gerson alikulia kwenye nyumba ile akiliangalia lile tundu lililobaki, na akiwa bado mdogo aliamua kwamba yeye maji hatayapigania.

Alikuwa na miaka arobaini na minane siku Dokta Rachel alipofika. Mtafiti huyo kijana alikuja kwa miguu, suruali ikiwa na matope hadi magotini, nyuma yake mafundi wawili wamebeba ubao mrefu wa chuma uliochorwa mistari na namba. Walimkuta Gerson akipalilia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo rula ni ya kupimia samaki?"

"Ya kupimia mto."

"Mto nao unapimwa? Sisi huwa tunaunywa tu."

Rachel alicheka mpaka akashika mgomba. Kisha akaeleza. Theluji ya mlima inapungua, misitu inapungua, na watu wanaongezeka, lakini serikali inagawa vibali vya maji kwa kukisia. Yeye ameomba fedha katika mfuko wa utafiti wa serikali ili mto huu ujulikane: una maji kiasi gani, lini, na ni nani anayeweza kuongezewa bila mwingine kufa kiu. Walioomba walikuwa wengi, waliopewa wachache.

"Fedha za nani hasa?" Gerson aliuliza.

"Za umma."

"Umma ndio nani?"

"Mama yangu ni umma. Anauza vitunguu sokoni Pasua. Kila akinunua mche wa sabuni, kodi iliyomo kwenye ile sabuni inafika mpaka hapa."

Neno hilo lilimwingia. Alipoombwa awe msoma kipimo, kwa kuwa anaishi karibu na ana mwandiko mzuri, alikubali kabla hajauliza posho. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: saa moja asubuhi na saa kumi jioni ateremke mtoni, apige magoti, aangalie maji yanagusa namba gani, aandike kwenye daftari. Alinunua kalamu mbili, moja ya akiba. Na kwa kuwa njia ni ya utelezi na moyo wake ulikuwa mwepesi, akawa anaimba.

Kipimo kilisimikwa hatua thelathini chini ya banio, pale maji yanapokatwa kutoka mtoni na kuingizwa kwenye mfereji ambao wazee wanauita mfongo, ili kisome maji yanayobaki Marera ikishachukua yake. Banio la Marera si saruji. Ni mawe, udongo na magogo ya migomba, na mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kulifungua au kuliziba kwa dakika chache. Mtu huyo alikuwa Stanley, mdogo wake Gerson, msimamizi wa mfereji. Nyumba mia mbili zilikunywa kwa mikono yake. Alikuwa mfupi, mpana, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kugeuka. Mara mbili alikuwa amewavunja mbavu wezi wa zamu, na kijiji hakikumshtaki. Kilimwita jembe.

Mwaka wa pili, mwezi wa Septemba, Gerson aliugua mafua, koo likakauka. Asubuhi moja alishuka mtoni bila kuimba. Kipimo kilisema sentimita kumi na moja. Alidhani macho yamemdanganya, maana kila siku ya kiangazi alikuwa akiandika thelathini na nne, thelathini na tatu, hivyo hivyo. Akainama. Kumi na moja. Alipoinua kichwa akamwona mdogo wake pale juu, maji magotini, anasukuma gogo la mgomba kwenye mdomo wa mfongo kwa pupa ya mtu aliyechelewa. Na mbele ya macho ya Gerson mto ukaanza kupanda: kumi na tano, ishirini na mbili, thelathini na nne. Ukatulia hapo.

Alipanda hadi kwenye banio.

"Stanley, unafanya nini?"

"Leo mbona huimbi?" Stanley alikuwa akihema. "Mtu mzima unashuka kimya kama mwizi!"

Hapo Gerson akaelewa yote. Kwa mwaka mzima na zaidi wimbo wake ulikuwa kengele. Ukisikika kanisani, banio linazibwa. Akimaliza kuandika na kugeuka nyuma, linafunguliwa.

"Unawadanganya."

"Wao, siyo wewe. Serikali ikijua tunachukua mto mzima itatuwekea mita na kufuli, na nyuma ya kufuli anakuja mtu na risiti. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni. Nani amekufa?"

"Lile daftari ni langu, Stanley. Lina mwandiko wangu."

Stanley alichomoa panga kiunoni, taratibu kama mtu anayetoa kitambaa, akaulaza ubapa wake kifuani mwa kaka yake. Ulikuwa wa baridi na una matope.

"Na migomba yako, mangi, inakunywa maji ya daftari?"

Gerson alirudi chini. Alikaa kando ya kipimo muda mrefu, kalamu mkononi. Kisha akaandika thelathini na nne. Koo lilipopona akaanza tena kuimba, na sasa alijua anamwimbia nani.

Mwaka wa nne Rachel aliandika ripoti yake. Ilikuwa ripoti safi, kazi ya mtu aliyekesha juu yake, na Gerson alikuwemo, picha yake akiwa amepiga magoti kando ya mto. Ripoti ikapanda ngazi za ofisi. Ofisi ya maji ikaona Mto Kisarika una maji ya ziada hata kiangazi. Huko chini bondeni kulikuwa na shamba kubwa la mboga za kusafirishwa nje, limeomba maji miaka mingi. Likapewa kibali. Hakuna aliyekula rushwa wala aliyefanya siri. Kila mtu alisoma namba iliyoandikwa akafanya linalotakiwa.

Shamba likalaza bomba kilomita saba kupanda mlima, hadi chini kidogo ya kipimo. Siku lilipofunguliwa halikutoa kitu. Kesho yake, mnamo saa moja asubuhi, likatema maji kwa dakika kumi, likakauka. Saa kumi jioni likatema tena.

Msimamizi wa bomba alikuwa Godlove, kijana kutoka Singida, mwenye mke na mtoto kwenye nyumba za wafanyakazi. Alipanda Marera mchana mmoja wa Januari, peke yake, ameshika nakala ya kibali.

"Wazee wangu shikamooni. Karatasi inasema mto una maji. Bomba langu linakohoa mara mbili kwa siku kama mgonjwa wa kifua. Naomba kujua nani anaukaba huu mto koo."

Watu walicheka, kwa kuwa alisema vizuri. Stanley hakucheka. Alimpiga ngumi ya mdomo, akaikanyaga karatasi, na jiwe la kwanza likarushwa, kisha mengine. Godlove alikimbia akiwa ameshika taya.

Baada ya hapo kila wiki ilikuwa na jeraha lake. Vijana wa Marera walilikata bomba kwa msumeno. Walinzi wa shamba wakamkamata mmoja wao, wakamvunja magoti yote mawili kwa rungu, wakamrudisha barabarani ndani ya toroli. Marera ikashuka na petroli ikachoma nyumba ya pampu, mbwa wa mlinzi akafia humo ndani amefungwa mnyororo. Walinzi wakapanda na sime. Gerson alisikia hayo yote akiwa na daftari mkononi, na kila siku aliandika thelathini na nne. Usingizini aliota sikio la baba yake limelala juu ya kurasa zake.

Tarehe kumi na sita Februari mwaka jana aliteremka akiimba. Kwenye mgeuko wa mwisho alisikia kelele, wimbo ukamkatikia kooni. Godlove na wafanyakazi wenzake wanne walikuwa wamefika kabla ya jua na sururu na nyundo, waling'oe banio. Stanley naye alikuwa pale, na nyuma yake wanaume kama wanane. Jiwe moja tu lilikuwa limeng'olewa. Maji yote bado yalikuwa yakiingia kwenye mfongo, maana siku hiyo hapakuwa na mwenye nafasi ya kuyaziba.

Ilikuwa kazi ya haraka na chafu. Mpini wa sururu ulimpata mzee mmoja kwenye shavu, jino likatokea nje kupitia nyama. Mfanyakazi mmoja alipasuliwa mgongo kutoka bega hadi kiuno, akakimbia akiinama kama mtu anayetafuta kitu chini. Wengine wakamfuata. Godlove alibaki. Labda hakuona kwamba amebaki peke yake. Stanley alimgonga shingoni kwa kichwa cha jembe, akabiringika mtoni hadi chini, penye kipimo.

Stanley akamfuata. Akampigia goti mgongoni, akashika kisogo kwa mikono miwili, akakisukuma kwenye maji.

"Mwache!" Gerson alipiga kelele. "Stanley, mwache, ametosha!"

Aliingia mtoni akamshika mdogo wake shati, akavuta kwa nguvu zake zote, mtu ambaye hajawahi kumvuta mtu shati. Kiwiko kilimjia kinywani. Meno mawili yakatoka. Alianguka akakaa kwenye mawe, na kutoka pale akaona mikono ya Godlove ikikwaruza changarawe, kucha zikiacha mistari, maji yakiijaza na kuifuta. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Godlove aliacha. Maji yaliyomuua hayakufika hata kwenye masikio yake.

"Ameteleza," Stanley alisema, akisimama. Aliwatazama wote mmoja mmoja. "Mmeona. Mawe yana utelezi."

Walipoondoka Gerson alibaki. Damu ilimtiririka kidevuni ikadondokea daftarini. Maiti ililala imekigusa kipimo kwa bega. Ilikuwa saa moja kamili, na mikono yake ilifanya ilichozoea kufanya kila siku saa hiyo. Akasoma. Akaandika kumi na moja.

Polisi walikuja, wakawachukua vijana wanane, wakawacharaza, wakawaachia. Marera nzima ilikuwa na neno moja: aliteleza. Lakini shamba lilikwenda kwa wakubwa na kibali chake, na ofisi ya maji ikatoa tangazo. Kama mto una maji ya ziada na watu wa juu wanayazuia, basi banio litafungwa kwa saruji chini ya ulinzi. Kabla ya hapo kutakuwa na kikao kwenye ukumbi wa kata. Watu wa mfuko wa utafiti nao watakuja, maana miaka mitano imekwisha na wanataka kujua kama fedha za umma zitaendelea kuja.

Stanley alifika kwa kaka yake asubuhi ya kikao.

"Sema kipimo kilikuwa kibovu. Basi. Banio linapona, na mimi napona."

Mkewe Gerson, Dainess, alimsindikiza shemeji yake hadi kwenye kichochoro, akarudi. "Baba Anyesi, nakuomba. Meno mawili yameshakwenda. Yaliyobaki yafungie ndani."

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mke wa Godlove alikaa safu ya mbele, nguo nyeusi, mtoto kifuani. Rachel alisimama akiwa na madaftari yote matano. Alikuwa amekonda. Gerson alipopewa nafasi alinyanyuka akasema alichoagizwa, kwa sauti ndogo: kwamba huenda kipimo kiliharibika.

"Baba, kipimo ni kizima," Rachel alisema. "Nimekihakiki wiki iliyopita na wataalamu wawili." Alifungua daftari la mwisho. Ukurasa ulikuwa na doa la kahawia. "Kila asubuhi ya kiangazi, miaka mitano, thelathini na nne, thelathini na tatu. Siku moja tu ni tofauti. Tarehe kumi na sita Februari, kumi na moja. Kwa nini siku hiyo tu?"

Gerson alielewa kwamba yamebaki majibu mawili. Angeweza kusema nilikosea kuandika. Neno hilo lingemwokoa mdogo wake, na Jumatatu saruji ingemiminwa, na nyumba mia mbili zingekauka kwa sababu ya mto ulioandikwa naye. Jibu la pili lilikuwa ukweli, na ndani ya ukweli alikuwemo mtu aliyekuwa na shughuli nyingine asubuhi ile.

Alimtazama Stanley. Stanley alikuwa akitikisa kichwa, kidogo kidogo.

"Siku hiyo haikuwa tofauti," Gerson alisema. "Siku hiyo ndiyo mto wenyewe. Siku nyingine zote banio lilizibwa nikisikika naimba, likafunguliwa nikiondoka. Nilijua tangu mwaka wa pili. Nikaandika. Huu mto hauna maji ya kumpa mtu wa bondeni, haujawahi kuwa nayo. Kibali kile kimeandikwa na mimi."

Ofisa wa polisi, aliyekuwa akisinzia mlangoni, aliinua uso. "Na siku hiyo kwa nini halikuzibwa? Nani huwa analiziba?"

"Mdogo wangu. Siku hiyo mikono yake ilikuwa kwenye shingo ya Godlove."

Mke wa Godlove alitoa sauti ambayo si kilio. Stanley aliruka safu tatu za watu, amenyakua kiti cha chuma. Pigo la kwanza lilivunja mkono wa kushoto wa Gerson juu ya kiwiko, mfupa ukatoboa shati. La pili lilimpata bega. La tatu lilimkosa, likapasua meza, na hapo polisi wakamlalia Stanley, naye chini yao anapiga mayowe: "Tumenyonya titi moja! Titi moja, Gerson!"

Rachel alimtembelea Gerson hospitalini, mkono uliovunjika ukiwa kwenye plasta. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Miaka mitano," alisema. "Mama yangu amenunua sabuni ngapi, baba?"

"Nisamehe mwanangu."

"Namba elfu tatu na mia sita. Na katika zote hizo nimeweza kutumia moja."

Ukoo haukumngoja apone. Mchana wa Jumatano, jua likiwaka, waliingia kihambani kwake, shamba linalozunguka nyumba, wanaume kumi na wanne, wengine wa kwaya yake. Walikata migomba yote, shina kwa shina, bila matusi, kama watu walio kwenye kazi ya kanisa. Mibuni iliyopandwa na Filemon waliing'oa na mizizi. Ng'ombe walimkata mishipa ya miguu ya nyuma wakamwacha amekaa, anajaribu kuinuka. Dainess alijirusha juu ya mgomba mmoja, akaukumbatia, na panga likapita na vidole vyake viwili. Aliyekata aliviokota, akampa mkononi, akasema, "Pole mama," akaendelea na mgomba uliofuata.

Kibali cha shamba kilifutwa. Banio halikutiwa saruji. Limewekewa lango la chuma na mita, na zamu zimepungua, lakini Marera inakunywa. Mfuko wa utafiti uliongeza miaka mitatu, safari hii kwa chombo kinachojisomea chenyewe kila robo saa na kutuma namba kwa simu. Stanley alihukumiwa miaka kumi na miwili kwa kuua bila kukusudia. Shahidi wa kwanza alikuwa kaka yake.

Gerson ana miaka hamsini na minne. Yeye na Dainess wanaishi mjini, Shirimatunda, chumba cha nyuma nyumbani kwa binti yao Anyesi. Mkono wake wa kushoto haunyooki. Analinda lango la ghala la mahindi, zamu ya mchana, Jumatatu hadi Jumamosi.